Kinyongo Juu ya Trekta la Baba

Niliporudi kijijini Gitting kwa likizo yangu ya pili ya chuo kikuu, nilimkuta mdogo wangu wa kiume amelala chali chini ya trekta la baba, na baba amechuchumaa kando akimpokeza spana. Nikasema shikamoo. Baba akaitikia marahaba bila kugeuza shingo. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam, nina vumbi hadi kwenye nyusi, binti wa kwanza wa kijiji kile kufika chuo kikuu, na aliyekuwa akitazamwa ni yule aliyeishia darasa la saba.

Mama alinipa maziwa akanieleza. Trekta lilikuwa limekaa nyuma ya zizi miaka mingi, kuku wakitaga chini ya usukani. Sasa mfanyabiashara mmoja wa Katesh alitaka kulinunua kama chuma chakavu. Mdogo wangu naye, aliyekuwa dereva kwenye mashamba ya ngano ya serikali huko tambarare, alisema injini haikufa kama watu walivyodhani. Ikipata pistoni na nozeli italima. Baba alitakiwa kumjibu mfanyabiashara kabla ya mvua.

"Baba mwenyewe anataka nini?" nikauliza.

"Anataka kulima shamba lake kwa chombo chake kabla hajafa," alisema mama. "Kwani wewe hulijui hilo?"

Nililijua. Kila msimu baba alipanga foleni kuomba trekta la kukodi, na kila msimu lilifika magugu yameshaota. Zamani yeye ndiye aliyeombwa. Alilinunua trekta lile kwa mlowezi aliyekuwa akihama, likawa la pekee kijijini, na watu walimwamkia, hata wazee wa rika lake. Kisha mashine za serikali zikaanza kupita barabarani, ndefu, zina vyumba vya vioo, na baba akawa anasimama kwenye uzio kuzitazama kama mtu anayemwona mke wake wa zamani kwa mwanamume mwingine. Trekta lake lilipokosa spea, alilisukuma nyuma ya zizi.

Mimi pia niliona wivu, ila si juu ya mashine za vioo. Mimi ndiye niliyekaa magotini pa baba nikishika usukani, wakati mdogo wangu bado anabebwa mgongoni. Nilijua sauti ya injini ile ikichoka. Kisha nikapelekwa shule ya bweni, na kiti changu kikapata mtu mwingine. Kila likizo niliporudi nilikuta wameshapata maneno mapya ya kwao wawili, wakicheka jambo ambalo lilihitaji kuelezwa, na likishaelezwa halichekeshi.

Kwetu kitinda mimba wa kiume ndiye anayebaki na boma. Wakubwa huondoka kutafuta mashamba yao, wasichana huolewa. Kwa hiyo sikuhitaji kuuliza trekta likifufuliwa litakuwa la nani. Niliuliza hata hivyo, na mengine mengi. Dizeli itapatikana wapi, wakati hata gari la wilaya linalala siku kadhaa likisubiri? Spea zikiisha tena? Na hiyo ngano ya serikali anayoringia mdogo wangu, inaliwa na nani, mbona sisi tunakula ugali? Wafugaji wa Kibarbaig waliofungiwa njia ya ng'ombe wao na mashamba hayo wameulizwa?

"Dada," alisema mdogo wangu, mikono yake imejaa grisi, "nimeomba pistoni. Sikuomba hotuba."

Baba alicheka. Ningeweza kumsamehe mdogo wangu utani ule. Kicheko cha baba sikukisamehe.

Nikaanza kumshauri baba auze. Nilisema kwa utaratibu, kama tulivyofundishwa kwenye semina, na hoja zangu zilikuwa nzuri. Hata leo nikizirudia sioni pa kuzikosoa. Baba alisikiliza zote. Mwishoni akasema tutakaa Jumapili baada ya ibada, watu wa nyumba.

Kukaa huko kuna namna yake. Kazi kubwa inayogusa nyumba nzima, iwe kujenga, kuhamisha ng'ombe au kufungua shamba jipya, haianzi kabla kila mtu wa nyumba hajaulizwa kama ana kinyongo. Kibuyu cha maziwa kinazungushwa. Asiye na kinyongo anakunywa na kusema moyo wake ni mweupe. Aliye nacho anakataa kunywa, na kazi inasimama mpaka yeye mwenyewe atakaposema kimeisha. Hakuna wa kumlazimisha. Wazee wanaamini kazi iliyoanzwa juu ya kinyongo cha mtu itaharibika, hata awe mtoto. Baba alikuwa mzee wa kanisa, lakini katika hili hakuona mgongano wowote. Mimi niliona. Nilishamuuliza mara nyingi hasira ya mtu inaingiaje kwenye chuma.

Tulikaa wanne. Baba akanywa, akasema moyo wake ni mweupe. Mama vivyo hivyo. Mdogo wangu akanywa sana hadi mama akamgusa mkono. Kibuyu kikanifikia, nami nikaanza tena na dizeli.

"Mwanangu," mama akanikatiza, "hayo ni maswali. Hapa tumeuliza kinyongo."

Nikakiweka kibuyu chini bila kunywa.

"Ninacho," nikasema. "Ninamwonea wivu huyu."

Mdogo wangu alinitazama kana kwamba nimemwambia ninaumwa. Baba akauliza, taratibu, kwa nini mimi mwenye chuo kikuu nimwonee wivu mtu wa grisi. Nikamwambia kwamba chuo nilipelekwa, sikukichagua badala ya kitu kingine. Na kwamba mtoto huyu amepewa boma, trekta na baba, nami nimepewa nauli.

Baba akachukua kibuyu akakifunika. "Basi halitaguswa," akasema.

Zilifuata siku za cheo ambacho sijawahi kuwa nacho maishani. Mdogo wangu alirudi kazini, na pistoni alizozipata kwa shida zilibaki ndani ya gunia chini ya kitanda chake. Trekta lilikuwa langu kwa namna fulani: hakuna aliyeweza kulishika bila neno langu. Nilikuwa nikienda kukama napita karibu nalo, naweka mkono juu ya boneti. Majirani walishasikia. Mwanamke mmoja kisimani aliniuliza kama nilisoma sheria.

Ila baba aliacha kwenda nyuma ya zizi. Na kwa kuwa nyumba haikukubaliana kulitengeneza, na mvua ilikuwa inakaribia, alimtumia mfanyabiashara salamu aje.

Alikuja na lori, mzee mwenye kofia safi, mpole. Akamwuliza baba hali ya watoto, mifugo na mvua. Kisha akalizunguka trekta akiligonga kwa ufunguo wa lori, kwanza tangi, halafu madigadi juu ya magurudumu.

"Magurudumu haya yatanifaa kwenye tela," akasema. "Injini naweza kuifunga kwenye mashine ya kusaga, Mungu akipenda. Huku kwingine tunakata."

Baba alisema, "Ndiyo, mzee mwenzangu." Alikuwa anatazama chini.

Mfanyabiashara akapanda akaketi kwenye kiti, apime kama usukani unazunguka. Akauzungusha. Mdogo wangu kukaa pale nilikuwa nimeshindwa kuvumilia, huyu je?

"Kinyongo kimeisha," nikasema kwa sauti.

Mfanyabiashara akaniangalia bila kuelewa. Baba alielewa. Alinitazama muda mrefu, nami nikamkazia macho, kwa sababu nilikuwa ninasema uongo. Hakikuwa kimeisha hata kidogo. Lakini mimi si mtu wa kuamini mambo ya kibuyu, na kama hasira haiingii kwenye chuma, basi uongo wangu haukumdhuru mtu. Mama aliniletea maziwa palepale, mbele ya mgeni. Nikanywa. Nikasema moyo wangu ni mweupe. Mgeni alipewa chai na kuombwa radhi, akaondoka na lori tupu.

Mdogo wangu alipopata ruhusa akaja na rafiki yake, wakalifungua trekta lote na kulitandaza juu ya magunia. Sikusaidia, wala sikuombwa. Nilikaa mlangoni na kitabu nikisubiri. Sitadanganya nilichokuwa nakisubiri: nilitaka ligome. Nilitaka mara moja tu wazee wawe sahihi na mimi niwe nimekosea.

Liliwaka mara ya kwanza. Moshi mweusi ulipanda, kuku wakatawanyika, na baba akashika kichwa kwa mikono miwili. Kinyongo changu kilikuwa kizima kabisa kifuani, na injini ilinguruma bila kukwama. Nilikuwa nimethibitisha hoja yangu. Sijawahi kushinda hoja nyingine kwa uchungu kama ule.

Wakafunga plau wakaenda shambani. Mdogo wangu aliendesha, baba amekaa juu ya madigadi ya kulia kama kijana, kofia mkononi. Wakanipungia nije. Nilikataa, kisha nikaenda, nikapanda madigadi ya kushoto, nikasema neno moja tu, kwamba pana joto. Udongo ulikuwa unageuka mweusi nyuma yetu. Tulipofika mwisho wa shamba mdogo wangu alikata kona mapema mno, akaacha pembe nzima ya ardhi ambayo haikuguswa. Hakuiona. Baba pia hakuiona.

Mimi niliiona. Nikamgusa baba begani, nikamwonyesha kwa kidole.