Madirisha ya Basi la Shemeji

Kila Jumamosi, miaka ile ya vita, mume wangu alipanda lori kutoka Butembo kwenda Beni kumtengenezea mwanamke mwingine madirisha. Mwanamke mwingine ndivyo nilivyomwita moyoni, ingawa alikuwa mjane wa mdogo wake. Shemeji aliuawa kwenye njia ya Oicha akiendesha basi lake. Basi likavutwa mpaka kiwanjani kwake, injini imeporwa, vioo vyote vimevunjika, na mume wangu akaanza kuligeuza nyumba.

Vioo vya basi vimepinda, na vipya havikupatikana. Kwa hiyo alikata madebe ya mafuta, akayagongomea kwenye matundu mpaka yakapungua, ndani akaweka fremu za mbao na vioo vya picha, vya bei rahisi. Pembeni alibana mpira wa ndani wa baiskeli ili mvua isipite. Alinieleza hayo yote akila sombe yangu ya majani ya muhogo, macho yanang'aa. Na mimi dirisha la jikoni kwangu ni ubao, umening'inia kwa bawaba moja tangu mtoto wa kwanza! Nilikasirika mpaka chumvi ikanizidi mkononi.

Kisha wazee wa familia wakamwita kijijini kwao, Kipese, akarudi bila kunieleza walilosema. Kwetu matanga huchukua miezi; yakiisha, mjane anaweza kupewa ndugu wa marehemu. Majirani wakanong'ona, na lisemwalo lipo. Mimi nilifunga ndoa kanisani. Picha ya arusi yetu ilikuwa ukutani, nyuma ya kioo kikubwa. Sikuwa tayari kugawa mume.

Katikati ya juma nikapanda lori mwenyewe, bila kumwambia. Nilimkuta mjane akipangusa vioo, mzuri kuliko nilivyotaka. Hata kiti nilikikataa.

«Bwana yangu iko anafwata nini huku kila juma?»

Akanitazama kwa mshangao, akaniita kama dada mkubwa. «Yaya, ile bazee balisema Kipese, hakukuambia? Balisema matanga ikiisha na sina nyumba ya kufunga, nitakuja kukaa kwenu, anioe. Miye hapana napenda. Na yeye pia hapana anapenda. Donc, ndiyo maana tunaharakisha madirisha.»

Akanionyesha tundu la mwisho, kando ya mlango, limezibwa kwa gunia. Kioo cha ukubwa ule hakikuonekana sokoni, na matanga yalikuwa yanaisha Jumapili.

Nilirudi nyumbani, nikaishusha picha ya arusi. Mume wangu alinikuta nikifunga kioo cha picha ndani ya kitambaa cha kikwembe.

«Niliogopa utakasirika,» akasema.

«Nyamaza. Posho, Jumamosi yako ileile, tunaenda sisi wawili.»

Jumamosi, kule Beni, mume wangu alikikata kidogo tu, kikaenea. Mjane akaingia, akafunga komeo kwa ndani, akatuchungulia kupitia kioo cha arusi yangu, akacheka. Nilicheka pia. Lakini nilimwonea wivu hata pale, maana lilikuwa dirisha zuri, na langu ni ubao mpaka leo.