Maneno ya Marieta Ng'ambo ya Uzio

Mimi ndiye niliyeanza kusema Marieta anaongea na marehemu. Naomba niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana watu wa huku Mbulu hawaachi kitu.

Marieta ni jirani yangu, tunapakana shamba kwa shamba. Alitolewa shule darasa la nne akachunge ndama, kwa hiyo kusoma alijua kwa kukwamakwama tu. Mumewe, Basili, alipofariki mwaka juzi, ukoo ukamweka pembeni kama mila yao inavyotaka. Wengi tumeshaacha mambo hayo, wao bado wameng'ang'ania: mjane haendi kwa mtu, mtu haendi kwake, ng'ombe wake hawachangamani na wa wengine, mpaka wazee waseme basi. Ukivuka uzio wake, na wewe unawekwa pembeni vilevile.

Sasa humo ndani afanye nini, jamani? Akakuta kitabu cha zamani alichonunua Basili mnadani Balangdalalu, kimetoka jalada, cha misitu na ndege na wadudu. Neno asilolijua analiandika ukutani kwa mkaa, halafu asubuhi anatoka uani analitamka kwa sauti huku akitafuta kitu chenyewe. "Tandabui! Tandabui!" Nikachungulia, namwona ameinamia majani, anacheka peke yake. Mjane wa miezi mitatu anacheka! Mwili ukanisisimka. Kufika kisimani nikawaambia wenzangu kwamba Basili amerudi, na mkewe anamjibu kwa lugha ya kuzimu.

Kesho yake nikajikaza, nikamwuliza nikiwa upande wangu wa uzio. "Wewe Marieta, unamwita nani?"

"Simwiti mtu. Hebu tazama hapo kwenye kabichi." Ulikuwa utando wa buibui, umejaa umande. "Tandabui ndilo jina lake. Na hiki kimvua chetu cha kunyunyiza kinaitwa rasharasha. Miaka arobaini kinanilowesha, sikijui jina!"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Lakini habari ilikuwa imeshafika kwa Yoakimu, kaka wa marehemu na mkubwa wa ukoo, na alishaambiwa kwamba maneno hayo yanatoka kitabuni. Siku ya kumtoa Marieta ilipofika, alikuja na wazee wakasimama nje ya uzio, sisi majirani nyuma yao.

"Shikamoo, shemeji," Marieta akaamkia.

"Marahaba. Choma hicho kitabu ndipo utoke. Kinakufundisha maneno ya wafu, kila mtu amesikia."

Marieta aliangalia shamba lake. Mahindi yalikuwa yamekauka yakingoja kuvunwa, na bila mikono ya majirani yangeozea pale pale, halafu ale nini? Nikajua atakubali. Nani asingekubali?

"Sichomi," akasema. "Nilitolewa shule kwa ajili ya ndama, nikanyamaza. Nimefungiwa humu kwa ajili ya msiba, nikanyamaza. Haya maneno nimeyatafuta mwenyewe, moja moja. Mkitaka nizeekee humu, nitazeeka nasoma."

"Basi kaa humo," Yoakimu akasema, akageuka kuondoka.

"Mzee Yoakimu," nikaita, "yale ya wafu niliyatunga mimi. Ni uongo wangu."

"Umechelewa. Wazee wameshasema."

Loh! Wazee wameshasema, hata kama ni uongo? Hasira iliyonipanda siku ile sijawahi kuiona. Nikajifunga kanga vizuri, nikavuka uzio mbele ya macho yao wote. Mume wangu, Festo, akabaki anaita "Doris! Doris!" kama anafukuza mbuzi kwenye maharage.

"Na wewe sasa umo," Yoakimu akasema.

"Nimo. Mahindi haya tutavuna wawili."

Nilidhani Marieta atanikumbatia. Wapi!

"Ulinichafua, Doris."

"Nilikuchafua."

Akaingia ndani, akatoka na kitabu, akakiweka mikononi mwangu. Wazee walikuwa bado hawajafika barabarani.

"Soma wewe," akasema. "Tena kwa sauti, wasikie."