Plastiki Isiyoonja Mvua

Mimi ni mkemia. Ninabuni plastiki inayogeuza mwanga wa jua kuwa umeme, nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Ninabadilisha umbo la molekuli zake ili umeme upite kwa wepesi na maji yasipenye, maana maji ndiyo adui yake. Huko maabara, mbali na nyumbani, plastiki yangu ya mwisho ilifanya vizuri mno. Ilibaki kujua kama ingevumilia mvua ya kwetu Maniema, mashariki mwa Kongo, mwaka mzima. Bila jibu hilo tasnifu yangu ya udaktari isingekamilika.

Nani angeitunza? Mama, kule mjini Kasongo. Niliifunga kwenye ubao, nikauweka uani karibu na turubai anapoanikia mpunga, nikamwomba asiinyime jua. Akakubali. Mjinga mimi, sikutaja mvua.

Mwaka ulipotimia nilirudi na kipimo changu. Umeme ulikuwa karibu uleule wa siku ya kwanza. Nilicheza pale uani bila haya, mama akacheka mpaka akakaa chini. Kwa majivuno tu, nikamuuliza mvua zilikuwaje. Akasema zilikuwa kali, hata siku moja aliacha ibada katikati ili awahi kuiingiza ndani.

Kuiingiza? Mwaka mzima plastiki yangu haikuonja hata tone.

Nilikasirika, sitaficha. Mama alinitazama kana kwamba nimekaa mezani bila kunawa.

“Kitu ya kuanika, mvua ikikuja unaiingiza,” akasema. “Sikukufundisha vile?”

Alinifundisha. Utotoni, wingu likitanda, mtaa mzima tuliacha tulichoshika tukakimbilia mpunga, hata wa jirani. Nikajikuta nacheka. Maji yakimwagika hayazoleki, nilianza upya.

Safari hii niliupigilia ubao juu ya paa la jiko, nikaiunganisha plastiki na taa ndogo chini yake, na mama akaapa hataigusa. Mvua ya kwanza ilitukuta mlangoni mwa nyumba, tukilitazama jiko. Mama alinishika mkono kwa nguvu, na ilipozidi akafumba macho. Jua lilipotoka, taa iliwaka.

Nimesharudi maabara. Mvua ikikatika Kasongo, mama huitazama taa ile, kisha hunipigia simu.

“Ilinyesha mingi,” husema. “Kitu yako iko muzima. Na wewe?”