Tamthilia Zinazomsubiri Mama

Tak. Halafu mngurumo mwembamba, kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Hivyo ndivyo king'amuzi chetu kilivyokuwa kikijiamsha chenyewe kurekodi. Nilikuwa nikiisikia sauti hiyo nikiwa jikoni, mikono ina unga, nasema moyoni: haya, mwenzangu ameingia kazini, mimi nipumzike.

Tunaishi wawili Kilosa, mimi na bibi yangu mzaa mama. Mama yuko Mikumi. Anapika kwenye hoteli ya barabarani, pale mabasi ya Iringa na Mbeya yanaposimama ili abiria wapate chakula. Anasimama tangu asubuhi mpaka basi la mwisho liondoke, kisha ndiyo aanze kuosha masufuria. Analala chumba kimoja na wenzake, na runinga iko upande wa wateja. Kila baada ya wiki mbili anapata siku moja ya mapumziko, anapanda gari anakuja kwetu.

Kabla hajaenda huko kulikuwa na tamthilia moja aliyokuwa haikosi, ya saa mbili usiku. Alipoondoka, kazi ya kuiangalia ikawa yangu. Akimaliza masufuria ananipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mmekula?"

"Tumekula."

"Haya, lete. Yule mwanamke kashamwambia mumewe, au bado anazungukazunguka?"

Basi namhadithia. Sauti ya mume naiweka nzito, ya mama mkwe naitolea puani. Shule sikufika mbali, nimeishia kidato cha nne na matokeo ambayo nyumbani hatuyazungumzii, lakini kwenye simu ile nilikuwa mtu. Nilikuwa naota kwamba siku moja sauti yangu itatokea ndani ya runinga kwelikweli, watu waache vijiko wasikilize. Mama alikuwa akicheka chinichini ili wenzake wasiamke. Mara nyingine nasikia kimya, halafu pumzi ndefu. Najua amelala, nakata simu taratibu.

Shida ilikuwa bibi. Saa mbili ni taarifa ya habari, na bibi na habari hawaachani.

"Mke mwenzangu, niwekee habari."

"Bibi jamani, mama anasubiri kuhadithiwa."

"Na nchi je? Nayo inanisubiri mimi."

Sijui nchi ilikuwa inamsubiria nini, lakini rimoti ilikuwa inaishia kwake. Mimi nabaki kuchungulia tamthilia wakati wa matangazo, nikimpelekea mama hadithi yenye matundu. Naye anayajua matundu. "Hapo umeruka," anasema.

Ndipo mama akaja na king'amuzi ndani ya kiroba. Bosi wake alinunua kipya, hiki cha zamani akamwambia achukue. Rimoti ilikuwa imefutika maandishi yote, imebaki na duara moja jekundu. Jioni nikitoka kwa fundi cherehani ninakojifunza kushona, macho yamechoka kwa kufuata uzi, nakaa chini nabonyeza kitufe kimoja baada ya kingine nione kinaleta nini. Hivyo ndivyo nilivyogundua kuwa kina diski ndani. Kinaweza kurekodi chaneli moja huku mtu anaangalia nyingine. Tena ukikipangia siku, chaneli na saa, kinafanya chenyewe, hata kama umekizima.

Nilirukaruka peke yangu sebuleni. Bibi akaniuliza kama nimeolewa.

Nikakipangia. Kila siku, chaneli ya tamthilia, saa mbili. Nikampigia mama: "Sasa usihangaike kuniuliza. Ukija unazikuta zote, hakuna iliyorukwa." Kuanzia hapo sikuiangalia tena. Bibi akaangalia habari zake kwa amani, mimi nikalala mapema kama mtoto mdogo.

Mama alipofika siku yake ya mapumziko, alivua viatu mlangoni, miguu imejaa maji mpaka alama za kamba za viatu zimebaki. Nikampa mto, nikafungua orodha, nikabonyeza ya kwanza.

Akatokea mwanamume mwenye koti jeupe, ameshika kuku.

Tukasubiri. Nilidhani ni tangazo. Yule bwana akaendelea kueleza namna ya kumchanja kuku kwenye jicho, tone moja, usimbane shingo. Nikafungua ya pili: ngozi ya mbuzi. Ya tatu: kuku tena.

"Huyu ndiye mume?" mama akauliza.

Bibi alicheka mpaka akashika ubavu. Mama naye alicheka, lakini kicheko chake kiliisha upesi. Akajilaza. "Basi zima hiyo, nihadithie wewe."

Sikuwa na cha kuhadithia. Nilikuwa nimeiamini mashine, sikuwa nimeona hata moja.

"Aa," akasema. Tu. Akageukia ukutani akalala, na jioni akaamka akapanda gari.

Kesho yake nilikibeba nikakipeleka kwa kijana mmoja anayetengeneza simu na ving'amuzi karibu na soko. Hata hakukifungua. Alikichomeka kwenye runinga yake, akatazama, akatabasamu.

"Sista, umepanga saa ngapi hapa?"

"Saa mbili."

"Mbili ya wapi?"

"Ya usiku, si ndiyo?"

"Ya usiku kwa saa za Kizungu. Hii mashine haijui saa zetu. Ukiiandikia mbili, inaamka saa nane ya usiku, wewe unakoroma. Saa mbili yetu kwake ni ishirini."

Niliona aibu, maana simu yangu naisoma kila siku na sikosei, naona nane nasema mbili. Lakini kwenye rimoti kidole kiliandika kile mdomo ulichokuwa unasema. Kumbe zile namba za kijani zinazowaka usoni pa king'amuzi zilikuwa saa. Sisi nyumbani tulidhani ni namba ya chaneli, bibi hata alishawahi kulalamika kwamba inajibadilisha bila ruhusa.

Nikakipanga upya, ishirini kamili, na jioni hiyo kwa mara ya kwanza nikaisikia ile tak nikiwa macho. Kila siku ikawa hivyo, nami naichungulia wakati wa matangazo kama zamani. Na mama akipiga simu nikianza tu, "Leo yule mama mkwe...", ananikatisha.

"Usiniambie! Utaniharibia. Nitaiona mwenyewe."

"Haya mama."

"Mmekula?"

"Tumekula."

"Haya, usiku mwema."

Simu ikawa inaisha kabla sijakaa vizuri. Nilijiambia ndiyo maendeleo. Lakini nilikuwa nabaki na sauti zangu zote kooni, ya mume na ya mama mkwe, sina wa kumpa. Na mama kwa sauti alikuwa anazidi kuchoka, kama anayeongea huku ameegemea kitu.

Akaja. Safari hii orodha ilikuwa imejaa, sehemu zote, safi kabisa. Akaketi na miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, akaanza. Ya kwanza aliiangalia vizuri. Ya pili kichwa kikaanza kuanguka. Anashtuka, "Rudisha nyuma kidogo." Narudisha. Anasinzia. "Rudisha tena, hapo sijaona." Maji yakapoa, nikabadilisha. Chakula akala macho yakiwa ukutani kwenye runinga.

"Mwanangu, si ulale," bibi akamwambia.

"Nalalaje, mama, na hizi zote zimenisubiri?"

Alisema vile vile anavyosemaga kuhusu masufuria. Nikamtazama. Uso ulikuwa ule ule wa mtu aliye zamu, anayehesabu kilichobaki kabla hajaruhusiwa kukaa. Siku yake moja, na mimi ndiye niliyempangia zamu nyingine, kila jioni, kwa usahihi kabisa.

Jioni aliondoka na macho mekundu. Hakuwa amemaliza hata nusu. Akaniambia akiwa mlangoni, "Nitunzie hizo nyingine, nikija nitaendelea."

"Sawa mama."

Siku zilizofuata nilikuwa naamka mapema kabla ya kwenda kushona, nachota maji, napika uji, halafu nakaa mbele ya runinga na sauti ya chini. Niliziangalia zile alizobakisha, moja baada ya nyingine, bila kuruka. Nilisikiliza namna wanavyoongea, nani anameza mate kabla ya kusema uongo, mlango upi unalia. Nilijaribu sauti zao kwa kunong'ona, tayari kwa simu ya mama.

Asubuhi niliyomaliza, bibi alikuwa ameenda msibani mtaa wa pili. Nikafungua orodha, nikashuka mpaka mwisho, nikazichagua zote. Mashine ikaniuliza kama kweli nataka kuzifuta. Kisha nikabonyeza kukubali, nikaichomoa waya ukutani, nikaenda kazini.