Fundi wa Mchafukoge na Dawa Inayotafutwa

Fundi wangu wa nguo wa Mchafukoge tumemzika juzi. Mapafu yalimshinda. Wengi wenu mlipita mbele ya kibaraza chake mkienda Kariakoo, mkamwona mama wa makamo akizungusha cherehani ya mkono, mkadhani anapenda mambo ya kizamani. Hakuwa na namna. Polio ilimpata utotoni, kwao kusini, ikampooza miguu yote miwili.

Alikuwa na sharti lililowaudhi wateja. Kila wachanjaji walipopita mitaani, hapimi sare ya mtoto kabla hajaona kidole chenye wino, ule wanaompaka mtoto akishapewa matone ya polio. Siku moja nangoja suruali yangu, binti wa ghorofani akamleta mwanawe wa chekechea. Fundi akasugua kidole kwa kitambaa kibichi, wino ukatoka wote. Ilikuwa kalamu tu.

"Unanipa shikamoo nzuri hivyo, kumbe unanichezea?"

"Nisamehe mama. Watu wanasema mengi kuhusu hayo matone. Na nimesikia wataalamu wanatengeneza dawa ya polio. Akiugua si atameza?"

Fundi aliteremka kitini, akaweka viganja sakafuni, akatambaa hadi mlangoni na kurudi, miguu ikiburuzika nyuma. Sikuwahi kumwona hivyo, na nilitamani aache. Akapanda tena, akajifuta mikono.

"Wanaotafuta dawa Mungu awasaidie. Ila mwandishi huyu hapa, muulize kama itarudisha miguu."

Nikasema nilichokisoma: dawa hizo bado zinajaribiwa, zinalenga kumaliza virusi mwilini, na mshipa wa fahamu uliokwishakufa haziufufui. Binti akamshika mwanawe mkono, wakaenda zahanati.

Walipoondoka, fundi akaniuliza taratibu, "Na kama ingekuwepo ile wiki ya homa yangu, kaka?"

"Labda," nikamjibu.

"Basi wasilale."

Neno lile linaniuma mpaka leo. Amekufa dawa bado inatafutwa, na itafutwe, maana wapo ambao matone hayakuwafikia. Lakini sisi wa mjini tumezoea kuweka roho zetu kwenye tiba ya kesho, huku kinga ya leo inatugongea mlango tunaifungia.

Msibani yule mtoto alikuwepo, amevaa sare aliyoshonewa, anakimbia kati ya viti vya plastiki. Mama yake akamkaripia atulie, watu wanalia.

"Mwache," nikamwambia. "Mwache akimbie."