Asali ya Hamadi

Mwaka aliozaliwa Hamadi, nyumba ya bibi yangu pale Mkomani ilinuka udi na dawa ya maji yenye utamu wa kuchukiza. Udi niliujua. Ile dawa ndiyo iliyoninyima raha. Kila asubuhi mama mdogo Zuhura alimdondoshea mwanawe mdomoni, kisha akaificha chupa ndani ya mtungi wa mchele. Niliuliza mtoto anaumwa nini, bibi akaniambia nikamenye vitunguu. Nilimenya vitunguu vingi mwaka ule, maana sikujua kunyamaza.

Nilikuja kuambiwa ukubwani. Mumewe mama mdogo alitekwa na unga, akajidunga, akamwambukiza virusi vya Ukimwi, kisha akapotelea Mombasa. Muuguzi wa kliniki, mama mmoja kutoka bara, alimweleza kuwa mtoto angeweza kuokoka: mama ameze dawa zake, mtoto apewe yake, na hadi miezi sita anyonye ziwa la mamake tu. Maji hapana, uji hapana, chochote kingine hapana, kisije kikamchubua utumbo virusi vikapata pa kupitia.

Sasa utamzuia nani, Mkomani? Mtaani kwetu mgeni aliyekuja kumtazama mtoto alichovya kidole katika asali akamlambisha, na kumkatalia ilikuwa kama kuikataa dua yake. Mama mdogo aliiogopa asali, na aliogopa zaidi kuulizwa sababu. Bi Maryamu, jirani yetu wa ukuta mmoja, alipoinama na kidole chake tayari, mama mdogo alimbana Hamadi kifuani mpaka mtoto akalia. Bibi akanivuta mkono, akanisogeza mbele.

"Mpe nduguye, amwondee," alisema.

Yaani mimi nimwonjee. Bi Maryamu alimtazama bibi, akanitazama mimi, akasoma dua yake yote na kuniwekea asali ulimini.

Tangu siku hiyo nikawa mdomo wa Hamadi. Wanawake wa mtaa walipoingia walinitafuta mimi kwanza. Nilishangaa sana: nile mimi, anenepe yeye? Mara nyingi nilimpanua midomo nikachungulia kama utamu unafika. Nilishangaa pia jinsi vikombe vya asali vilivyozidi kukua, hata Bi Maryamu akawa analeta bakuli zima na mikate ya mofa, ya moto, ya kuchovya. Nilimpenda Bi Maryamu kupita kiasi.

Siku ya kipimo cha mwisho mama mdogo alirudi kutoka kliniki, akaketi sakafuni na buibui lake, akalia huku bibi akicheka. Hamadi alikuwa salama.

Siku hizi wauguzi huwaambia akina mama wote waziwazi kwamba mtoto mchanga ni ziwa tu, na jirani yangu mmoja huweka dawa zake juu ya meza. Juzi nilipojifungua, Bi Maryamu, sasa mkongwe, alikuja na asali yake. Nikamuuliza lile lililonikaa moyoni miaka yote: je, wanawake wa mtaa walijua?

"Mwana mchanga hula mofa?" akanijibu.

Safari hii sikuhitaji kutumwa vitunguu. Alichota asali kwa kijiko, akamwombea binti yangu dua, kisha akageuza uso mlangoni.

"Nani wa kumwondea?"

Hamadi, ambaye amenipita kimo, akainama mbele yake na kufungua mdomo.