Nguvu Ambazo Satsuki Hakuambiwa

Tangu mumewe abadilishe turbo, kifaa cha kuisukumia injini hewa, Satsuki Hirasawa alikuwa hali akashiba. Alikuwa fundi wa springi na shokapu katika gereji yao ndogo pembeni mwa mji wa Nihonmatsu, Japani, kazi aliyofundishwa na baba yake, na yeye ndiye aliyeliandaa gari jeupe ambalo mumewe, Kunihiro, alishindana nalo katika mbio za kuserereka. Siku za kazi Kunihiro aliendesha basi la shule, taratibu kama aliyepakia mayai. Jumapili aligeuka mtu mwingine: aliingia kona kwa ubavu, moshi wa matairi umemmeza, na mkewe akimtazama kwa hofu kutoka nyuma ya ukuta wa uwanja.

Zamani hofu hiyo ilivumilika kwa kuwa gari alilijua. Sasa injini ilikuwa na nguvu mpya, na mambo aliyozoea kuyafanya hayakutosha tena.

Asubuhi moja ya Novemba walipanda kwenye uwanja wa mlimani kujaribu. Kunihiro alipokanyaga mafuta, gari lilichuchumaa nyuma, pua ikainuka, magurudumu ya mbele yakawa hayasikii usukani. Alipoachia mafuta, mkia ulirushwa upande wa pili kama kofi. Gari likazunguka, likasimama hatua chache tu kutoka ukutani.

"Shemeji, huyo leo kakusudia kukuachia ujane!" akapiga kelele Obata, rafiki yao aliyeegesha gari lake jirani.

Satsuki hakucheka.

"Linakaa mno nyuma," alisema Kunihiro akivua helmeti, jasho linamtoka kwenye baridi ile. "Niwekee springi ngumu, mama Akane."

Ilikuwa na mantiki, naye akaziweka. Mambo yakaharibika zaidi. Matairi ya nyuma yalirukaruka juu ya lami bila kushika, na safari hii bampa ilikwaruza ukuta.

Satsuki akapiga jeki, akaingia chini. Kwenye fimbo ya kila shokapu alikuwa amefunga uzi wa plastiki. Springi ikibonyea, uzi husukumwa na kuonyesha imeshuka hadi wapi. Nyuzi za nyuma zilikuwa zimesukumwa hadi mwisho kabisa. Kwa springi ngumu namna ile! Nguvu alizozihesabu yeye zisingeweza kuzishusha hivyo.

"Baba Akane."

"Naam."

"Umeongeza tena nguvu?"

Aliviona viatu vyake tu, kimoja kikikanyaga kingine.

"Kidogo," akasema. "Nilipandisha presha ya turbo. Sikutaka uanze kuhangaika."

Satsuki akatoka chini, uso umemwiva. "Ukaona heri nikuandalie gari nimefumba macho? Mimi nahesabu nguvu za jana, wewe unakwenda ukutani na za leo!"

"Nisamehe. Nitaishusha sasa hivi."

Alitamani kusema ndiyo, ishushe, twende nyumbani. Lakini alimjua mumewe. Angeishusha leo na kuipandisha mkewe akigeuza mgongo. Afadhali aliandae gari kwa nguvu zilizopo.

"Iache. Obata, njoo unishikie hapa, na mdomo uufunge."

"Sijasema kitu, shemeji!"

Alirudisha springi laini nyuma ili uzito ushuke na kuyakandamiza matairi, kisha akakaza shokapu ili kushuka kwenyewe kuwe kwa polepole. Halafu wakaifungua difu, mtambo wa gia unaoyagawia magurudumu ya nyuma nguvu, oili ikiwachuruzika hadi viwikoni. Difu ile iliyabana magurudumu mawili ya nyuma yazunguke pamoja, mafuta yakikanyagwa na hata yakiachiwa. Nguvu zilipokuwa chache, ilifaa. Sasa kila Kunihiro alipoachia, magurudumu yote mawili yaliikamata barabara kwa mpigo na mkia ukarushwa. Satsuki akazigeuza pete za ndani ili ibane sana kwenye kukanyaga, ilegee kwenye kuachia.

Kisha akaomba helmeti ya pili.

"Unakwenda wapi?" Kunihiro alishtuka.

"Ndani. Kutoka ukutani sioni kitu. Nataka kulisikia kwa makalio."

Kwenye kona ya kwanza alishika mkanda kwa mikono yote miwili. Mlima ulipita dirishani kwa ubavu. Kunihiro akaachia mafuta. Satsuki akafumba macho akingojea lile kofi. Mkia ukaja polepole, mzito, kama mlango mkubwa unaosukumwa kwa mkono.

"Tena," akasema, kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua.

Mzunguko wa pili alisikia upande wa kushoto ukigonga. Wakasimama, akakaza shokapu ile kidogo, wakarudi. Waliendelea hivyo mpaka jioni, kisha wakala matonge ya wali garini.

Wiki iliyofuata, kwenye mashindano, Kunihiro alitolewa raundi ya pili na kijana wa Koriyama. Gari lilirudi nyumbani zima.

Jumatano yake aliingia gereji na sare ya basi bado mwilini, akasimama mlangoni akijikuna shingo.

"Mama Akane, nafikiria kuongeza presha kidogo. Sijagusa kitu."

Satsuki akaweka spana chini, akajifuta mikono kwa kitambaa, akakaa kwenye kiti.

"Kiasi gani?" akauliza.